Bidoni Moja ya Ziwa, Bidoni Moja ya Mvua

Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa akwariamu, Bukavu

Wazee wetu, mama na baba, ndugu wafugaji wa samaki wa hapa Bukavu, na ninyi mliopanda mlima kutoka Uvira na mliovuka ziwa kutoka Goma: jambo sana, na karibuni.

Leo tunazungumza juu ya maji tu. Samaki, taa na mawe vitapata siku yao. Mtu anayeweka samaki wa miamba ya ziwa Tanganyika ndani ya kioo hapa mjini anapoteza wengi wao kwa sababu moja: anaangalia namba isiyofaa. Kila asubuhi anapima pH, ile namba inayoonyesha maji yana asidi au hayana, ikishuka anatia dawa, ikipanda anatia nyingine, na samaki wanalipa. Namba ya kushika ni ualkali, yaani uwezo wa maji wa kumeza asidi. Ukiushika ualkali na kuyapa maji hewa ya kutosha, pH itajipanga yenyewe.

Tuanze ziwani. Maji ya juu ya Tanganyika yana pH ya 8.6 hadi 9.2 hivi. Kila lita ina magnesiamu miligramu 40 na kidogo, kalsiamu karibu 10 tu, sodiamu karibu 60, na potasiamu karibu 35. Ukichovya konduktimetri, ile mashine ndogo inayopima chumvi zote kwa pamoja, utasoma mikrosimensi 600 hadi 670. Ualkali wake ni 6.5 hivi kwa lita, kwa kipimo cha wanakemia kinachoitwa miliekwivalenti.

Namba hiyo ya mwisho huandikwa kwa njia tatu, na hapa watu wengi wanajikwaa. Sanduku za kupimia zilizotengenezwa Ujerumani huandika KH, kwa digrii za Kijerumani: 6.5 ni digrii 18. Zile za Kifaransa huandika TAC, kwa digrii za Kifaransa: 6.5 hiyohiyo ni digrii 32. Mtu anasoma kwenye karatasi ya Kijerumani kwamba anatakiwa kuwa na 18, anapima kwa sanduku ya Kifaransa, anaona 32, anaogopa, anamwaga nusu ya maji na kujaza ya mvua. Ameharibu maji yaliyokuwa sawasawa kabisa. Kabla ya kupima chochote, soma sanduku yako ni ya digrii zipi. Miliekwivalenti zidisha kwa 2.8 upate za Kijerumani, kwa 5 upate za Kifaransa.

Jambo la pili linaloshtua watu: ugumu wa jumla wa Tanganyika, yaani magnesiamu na kalsiamu pamoja, ni digrii 11 hivi za Kijerumani, wakati ualkali ni 18. Waliofundishwa kwamba ualkali hauwezi kuupita ugumu wanadhani wamekosea kupima. Hawakukosea. Sehemu kubwa ya bikaboneti ya ziwa lile imeshikana na sodiamu na potasiamu, na hizo mbili haziingii katika hesabu ya ugumu.

Sasa geuzeni macho mtazame ziwa letu wenyewe. Kivu ina chumvi karibu maradufu ya Tanganyika. Maji yake ya juu yanasoma mikrosimensi 1,200 hadi 1,300. Magnesiamu ni kama miligramu 85 kwa lita, sodiamu karibu 120, potasiamu kati ya 85 na 100, ualkali karibu 13, pH 9 na zaidi kidogo. Chumvi hizo zinapanda kutoka chemchemi zilizo chini ya ziwa, katika nchi ya volkano. Na maji ya Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, unaoanzia hapahapa mjini kwetu na kushuka hadi Tanganyika. Sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka katika Tanganyika zimepitia kwenye mto huo. Njiani na kule ziwani zinachanganyika na maji ya mvua na ya mito mingine isiyo na chumvi nyingi.

Basi fanyeni hesabu. Kivu gawanya kwa mbili: chumvi 600 na kitu, magnesiamu 42, sodiamu 60, ualkali 6.5. Potasiamu inabaki juu kidogo, 45 hivi, na hilo halijawasumbua samaki hawa. Bidoni moja ya maji ya Kivu na bidoni moja ya maji ya mvua zinakupa maji yaliyo karibu sana na ya Tanganyika, bila kununua chumvi ya paketi kutoka Ulaya. Kinachopungua ni kalsiamu: Kivu ina kidogo, miligramu 5 hivi kwa lita, kwa hiyo mchanganyiko unabaki na 2 au 3 mahali pa 10. Tutaifunga nafasi hiyo kwa kloridi ya kalsiamu.

Lakini maji ya ziwa hayachotwi popote. Usichote ufukweni mwa ghuba, wala karibu na mdomo wa mto Kawa, wala mahali watu wanapofua na kuoga. Panda mtumbwi, toka mbali na nchi kavu, zamisha bidoni iliyofungwa mpaka mkono uingie wote, ndipo ufungue kifuniko. Maji hayo yapite kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yakae ndani ya bidoni iliyofungwa, gizani, siku tatu. Vijidudu vya kichocho vinavyoogelea kutafuta ngozi ya mtu haviishi zaidi ya siku mbili hivi visipompata. Usiyachemshe maji haya. Ukiyachemsha unafukuza gesi ya kaboni (CO2), pH inaruka, kalsiamu inaganda kama unga mweupe chini ya sufuria, na umepoteza kitu ulichokifuata.

Na jambo moja la afya yenu, mlisikie vizuri. Watu wengi wanavuta maji kwa mdomo kwenye tiyo ili yaanze kushuka. Katika mji unaojua kipindupindu, jambo hilo liachwe leo. Jaza tiyo nzima maji ndani ya akwariamu, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe chini ya usawa wa maji, achia. Na baada ya kazi, sabuni hadi kwenye viwiko.

Maji ya mvua nayo yana adabu yake. Mvua ya kwanza baada ya kipwa, yale majira ya ukavu, inaosha vumbi, moshi wa makala na mavi ya ndege kutoka kwenye paa. Iache ipite, na kila mvua nyingine acha dakika 20 za mwanzo zimwagike. Mabati mapya yanatoa zinki, na zinki ni sumu kali kwa samaki, hasa kwenye maji yasiyo na chumvi. Paa la mwaka wa kwanza lisikuchotee maji ya akwariamu. Ndugu wa Goma wana mzigo wa ziada: moshi wa volkano ya Nyiragongo unafanya mvua kuwa na asidi na floridi. Upepo ukileta moshi huo juu ya nyumba, mvua ya siku hiyo muiache. Mvua safi inasoma chini ya mikrosimensi 30. Ikisoma 100, kuna kitu kimeyeyuka ndani, nayo isiingie.

Maji ya robine yanaweza kushika nafasi ya mvua wakati wa kipwa, mwezi wa sita hadi wa nane, lakini yana klorini, na wakati wa kipindupindu klorini huongezwa. Yaache ndani ya pipa wazi yakipulizwa hewa kwa saa 24. Ukiwa na haraka, tiosulfati ya sodiamu gramu 1 kwa lita 100 inaua klorini ya miligramu 1 kwa lita, na inabaki ziada.

Tuchukue mfano wa akwariamu ya lita 200. Ukishapanga mawe na mchanga, maji yenyewe yanabaki lita 170 hivi. Kila juma unabadilisha lita 40: bidoni moja ya lita 20 ya ziwa, nyingine ya lita 20 ya mvua. Kwa kalsiamu, yeyusha gramu 25 za kloridi ya kalsiamu, ile ya chembechembe yenye maji ndani yake, katika lita 1 ya maji ya mvua, uweke kwenye chupa yenye jina. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: mililita 1 ya chupa hiyo kwa kila lita 1 ya maji mapya. Lita 40 zinataka mililita 40, na kalsiamu inapanda kwa miligramu 7 hivi. Mfuatano ni lazima: kalsiamu inatiwa kwanza kwenye bidoni ya mvua, inakorogwa, ndipo maji ya ziwa yanaongezwa polepole. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye maji ya Kivu, inakutana na kaboneti nyingi mahali pamoja, maji yanageuka maziwa, na kalsiamu yako imekuwa chokaa.

Pima mchanganyiko kwa konduktimetri kabla haujaingia. Kati ya 580 na 680, endelea. Ukiwa 750, ongeza mvua. Ukiwa 500, ongeza ziwa. Mashine hiyo isahihishwe kila mwezi kwa maji yake ya kipimo ya 1,413, kwa kuwa mashine inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na mashine.

Asiyeweza kufika ziwani, au anayeishi mbali na Kivu kama ndugu zetu wa Lubumbashi, atengeneze kwa chumvi za farmasi. Kwa lita 100 za maji ya mvua: bikaboneti ya sodiamu gramu 42, sulfati ya magnesiamu gramu 30, na kloridi ya kalsiamu gramu 3. Utapata ualkali wa 5, magnesiamu karibu 30, kalsiamu 8. Sodiamu na sulfati zitakuwa nyingi kuliko za ziwani, kwa hiyo mchanganyiko huu tunauona wa pili kwa ubora, lakini samaki wanaishi na kuzaa ndani yake. Sokoni angalieni paketi: bikaboneti ni unga mmoja, mtupu. Ile hamira ya keki ya unga imechanganywa na asidi na wanga. Ikiingia majini inatoa povu, haiinui ualkali inavyotakiwa, na wanga inaoza.

Haya, turudi kwenye jambo lenyewe, ualkali na pH.

Ualkali ni akiba. Ni bikaboneti na kaboneti zinazomeza asidi kabla haijafika kwenye pH. pH ina wazazi wawili: akiba hiyo upande mmoja, na gesi ya kaboni iliyoyeyuka majini upande wa pili. Akiba ikiwa 6.5 na maji yakipumua vizuri na hewa ya nje, pH inakaa karibu 9 bila kuguswa. Akiba ikiwa ileile lakini gesi ya kaboni imejaa, pH inashuka 8.4, 8.3. Anayetia bikaboneti hapo anaongeza akiba ambayo haikupungua. Kesho anafungua madirisha, gesi inatoka, pH inaruka kupita 9.2, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa.

Nyumba za Bukavu usiku hufungwa kwa ajili ya baridi. Watu watano wanalala ndani, mbabula, lile jiko la makala, imepikia ugali sebuleni, gesi ya kaboni inajaa chumbani na inaingia majini. Mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa ni hatari kwa watu kabla ya kuwa hatari kwa samaki. Itolewe nje, kwa sababu zote mbili. Utajuaje kama pH imeshuka kwa ajili ya gesi au kwa ajili ya akiba? Chota glasi ya maji ya akwariamu, ipeleke nje, ipulizie hewa kwa pompi ndogo saa nzima, pima tena. pH ikipanda kwa 0.3 au zaidi, akiba yako ni nzima. Kinachokosekana ni hewa. Fungua dirisha, ongeza mapovu, usitie kitu. pH isipopanda, sasa pima ualkali, utaukuta umeliwa.

Kupima ualkali hakuhitaji sanduku ya dola nyingi. Anayejuana na mwalimu wa kemia aombe asidi ya kloridriki ya moli 0.1 kwa lita, ya maabara, na rangi ya metili ya machungwa. Pima maji mililita 100, tia matone matatu ya rangi, kisha dondosha asidi kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, huku ukitikisa. Rangi itatoka njano na kuelekea nyekundu. Mililita za asidi ulizotumia ndizo miliekwivalenti zako kwa lita: mililita 6.5 ni 6.5, hakuna kuzidisha. Vaa miwani, na asidi isikae mahali mtoto anafika. Mwenye sanduku ya matone apime mililita 10 za maji mahali pa 5 zilizoandikwa, na kila tone litakuwa nusu digrii. Usahihi unaongezeka maradufu kwa bei ileile.

Nani anayekula akiba hiyo? Wanaofuga matumbawe ya bahari ya chumvi wana mlaji anayeonekana: tumbawe linachukua kalsiamu na ualkali pamoja ili lijenge mifupa yake, na mfugaji anarudisha vyote viwili kila siku. Kwetu hakuna tumbawe, kalsiamu hailiwi. Mlaji wetu ni bakteria wa filtri. Wanapogeuza amonia ya samaki kuwa nitrati wanatoa asidi, na asidi inameza bikaboneti. Nitrati ikiongezeka kwa miligramu 50 kwa lita, akiba imepungua kwa 1.6, yaani kutoka 6.5 hadi 4.9. Kwa hiyo nitrati na ualkali vinasomwa pamoja. Nitrati ya 20 na ualkali wa 6 ni maji ya kawaida ya katikati ya juma. Nitrati ya 80 na ualkali wa 4 ni mtu aliyeacha kubadilisha maji; hata akirudisha bikaboneti, uchafu bado upo.

Ukilazimika kurudisha akiba: gramu 3 za bikaboneti kwa lita 100 zinainua digrii 1 ya Kijerumani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 5 hivi. Yeyusha pembeni, mimina polepole mbele ya mdomo wa filtri, wala usipite digrii 2 kwa siku. Mawe ya chokaa hayatakusaidia hapa. Watu huyajaza wakidhani yatapandisha pH, lakini yanayeyuka kwenye maji yenye asidi. Ndani ya maji ya 8.5 na kuendelea yamekaa tu kama mapambo. Mawe meusi ya volkano tuliyo nayo kila mahali yanafaa vilevile, hayabadilishi maji. Tone la siki juu ya jiwe litakuonyesha: likitoa povu ni chokaa. Saruji mpya ni jambo jingine, hiyo inapeleka pH juu ya 10. Iloweke majuma mengi ukibadilisha maji, mpaka pH ya ndoo itulie.

Ndugu, sasa tunafika kwenye amonia, na hapa tunaomba masikio yenu yote.

Amonia majini ina sura mbili. Moja imebeba chaji, haipenyi kirahisi kwenye matamvua, madhara yake ni madogo. Nyingine haina chaji, inapenya, inachoma. Sanduku ya kupimia inazijumlisha zote mbili, na pH ndiyo inayozigawanya. Kwenye joto la digrii 25 na pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia hata moja haitimii kuwa sumu. pH 8, zinakuwa 5. pH 9, ni 36. Chukua amonia ya jumla ya miligramu 0.5 kwa lita. Kwa samaki wa mto kwenye pH 7, sumu ni 0.003, hatasikia kitu. Kwa samaki wetu kwenye pH 9 ni 0.18, na madhara kwenye matamvua yanaanza hata chini ya 0.05. Rangi ileile kwenye kichupa kilekile cha kupimia: kwa jirani ni salama, kwako ni kifo. Maji yanayowapendeza samaki wa Tanganyika ndiyo yanayofanya uchafu wao kuwa sumu. Kwa hiyo katika akwariamu ya aina hii amonia inayokubalika ni sifuri, na nitriti, ile hatua ya katikati amonia ikigeuka kuwa nitrati, nayo sifuri.

Filtri lazima ipevuke kabla ya samaki wa kwanza. Jaza mchanganyiko wako, washa filtri, joto 26. Yeyusha gramu 5 za kloridi ya amonia katika mililita 100 za maji. Mililita 10 za chupa hiyo ndani ya lita zetu 170 zinatoa amonia ya miligramu 1 hivi kwa lita. Usizidishe. Watu wanatia 4 na 5 wakiiga mafundisho ya maji ya pH 7. Kwenye pH 9 amonia nyingi inawazuia wale bakteria wa pili, wanaokula nitriti, na nitriti inasimama juu miezi miwili huku mwenyewe akishangaa. Tia 1, subiri ifike sifuri, tia tena. Filtri imepevuka siku ambayo ile 1 inaisha ndani ya saa 24, nitriti nayo ikiwa sifuri. Kwa kawaida ni majuma manne hadi sita. Asiyepata kloridi ya amonia aweke sambaza mmoja mkavu, yule samaki mdogo wa ziwani, ndani ya kipande cha soksi safi, amtoe akishaanza kuoza, aweke mwingine. Njia hiyo inanuka na haipimiki vizuri, ila inafanya kazi. Inayoshinda zote ni sponji chafu kutoka akwariamu nzima ya rafiki.

Umeme ukikatika, filtri hiyo iko hatarini kabla ya samaki. Ile ya ndoo iliyofungwa, saa chache bila maji kupita, oksijeni ndani inaisha, bakteria wanaanza kufa, na maji yanaoza mle. Umeme ukirudi baada ya usiku mzima, usiiache ijiwashe yenyewe na kumwaga uozo huo kwa samaki: ichomoe, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye maji ya akwariamu, ndipo uwashe. Sisi tunapendelea filtri za sponji zinazosukumwa na hewa. Pompi ya hewa ya wati 3 ya volti 12, kwenye batri ndogo ya ampea-saa 7 inayotumika nusu tu ili isife mapema, inaenda saa 14. Na wakati hakuna umeme, hakuna chakula. Samaki mzima anavumilia siku nne tano bila kula, lakini hawezi kuvumilia amonia ya usiku mmoja.

Hewa ina uzito wake hapa kuliko pwani. Tuko mita 1,500 juu ya bahari. Maji ya digrii 25 usawa wa bahari yanabeba oksijeni miligramu 8.2 kwa lita. Hapa yanabeba 7 hivi, hata yakipulizwa namna gani. Kwa hiyo idadi ya samaki iliyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya ipunguzeni.

Joto: wati 1 kwa lita, kwa vipande viwili. Viwili vya wati 100 ni bora kuliko kimoja cha 200, kwa kuwa kimoja kikikwama kwenye kuwaka hakitapika samaki, kikifa kingine kinabeba usiku. Frigoliti, ile povu nyeupe ngumu ya kufungia vyombo, ya sentimita 2 nyuma, kando na chini ya kioo inapunguza umeme unaoliwa, na giza likija bila umeme blanketi inamalizia kazi.

Maji yakipungua kwa kukauka, jazia mvua tupu. Chumvi haipandi na mvuke. Ukijazia mchanganyiko, konduktimetri itakuonyesha chumvi inapanda mwezi kwa mwezi.

Kuna kosa la huruma linaloua wengi. Mtu amesafiri, akwariamu imekaa nusu mwaka ikijaziwa mvua tu, ualkali umekwisha, pH imeshuka chini ya 6.5. Kwenye pH hiyo bakteria wamelegea, amonia imejaa, lakini karibu yote iko katika ile sura isiyochoma, na samaki wanaogelea. Mwenyewe anarudi, anaona uchafu, anabadilisha nusu ya maji kwa maji safi ya pH 9. Ndani ya saa moja amonia nyingi imegeuka sura, na samaki wamelala ubavu. Akwariamu iliyosahaulika ipimwe amonia kwanza. Ikiwepo, badilisha lita 10 tu za maji ya mvua yaliyotiwa bikaboneti kidogo sana, asubuhi na jioni, siku nyingi, mpaka amonia iondoke. Akiba irudi baadaye.

Kemia hiyohiyo iko kwenye mfuko wa samaki anayepanda kutoka Uvira. Ndani ya mfuko samaki anapumua, gesi ya kaboni inashusha pH, amonia inajikusanya bila kumchoma. Ukifungua mfuko, gesi inatoroka, pH inapanda, amonia inageuka. Kwa hiyo ule utaratibu wa kudondosha maji tone tone ndani ya mfuko uliofunguliwa, saa mbili nzima, unamuua samaki aliyetoka safari ndefu. Asile siku mbili kabla ya kusafiri. Mfuko usijazwe hewa ukakaza kule chini, kwa maana Bukavu iko juu ya Uvira kwa mita 700 na zaidi, hewa ya mfuko inavimba njiani. Akifika, elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, mimina kwenye wavu juu ya ndoo, samaki aingie akwariamu mara moja, maji ya mfuko yamwagwe chooni. Maji yako yakisoma 600 na kitu kama ya kwao, hana cha kuzoea. Taa izimwe, chakula kesho.

Mezani hapa kuna konduktimetri, asidi, rangi na sindano. Walioleta maji yao kwenye chupa wasogee mbele, tuanze na chupa zilizochotwa leo asubuhi, maana za jana gesi imeshatoka.